Mia na Kumi kwa Sabini

Kwako mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili maana nimezijaza. U hali gani huko chuoni? Miguu inaendeleaje na kusimama wodini kutwa, na ile kofia yao bado inakukaa upande? Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha kwamba nimekutangulia miaka kumi na moja. Mama naye hajambo. Analalamika magoti, lakini ukimwona anavyopanda ngazi kwenda kupiga soga kwa jirani wa ghorofa ya juu utasema magoti yale kaazimwa na mtu mwingine.

Barua yako niliipata Jumatatu nikaisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa bado mlangoni na viatu miguuni. Nimecheka mpaka nikakaa chini uliposimulia ulivyoiona damu kwa mara ya kwanza ukaangusha kalamu makusudi ili upate kisingizio cha kuinama. Usione haya. Mimi nilianguka kabisa, puu, na aliyeniinua ni mgonjwa mwenyewe. Kwa kuwa chuo kimewanyang'anya simu mpaka muhula uishe, itabidi uuvumilie mwandiko wangu. Na afadhali, maana ninayotaka kukuambia leo yangenishinda kwenye simu. Ningezungukazunguka, kisha ningesema salio limekwisha.

Umeniomba nikueleze kazi ya kliniki ya wajawazito inavyokwenda hasa, siyo ilivyo vitabuni mwenu. Basi nitakueleza kwa kisa cha mwanamke mmoja, fundi wa kushona, ambaye Jumanne moja mwezi uliopita alitoka kwetu akiwa amebakiwa na saa chache tu za kuokolewa, yeye na mtoto aliyemsubiri miaka sita. Na hakuna aliyekuwa na habari, si yeye wala sisi.

Kwanza uone chumba. Ni kile kile ulichokuja kunisalimia mwaka juzi, ila ukuta umepakwa rangi. Meza ya kwanza ni ya kadi, mizani na presha, na hapo tunakaa wawili, mimi na mwenzangu. Nyuma ya pazia kuna kitanda chenye mpira, utepe wa kupimia tumbo, na kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto. Ukitoka hapo unakwenda kwenye dirisha la maabara, kwa kijana wetu tunayemwita Darubini kwa sababu hata akikusalimia hufumba jicho moja. Huduma ni ya serikali, haina malipo, kwa hiyo wanawake ni wengi. Mabenchi yanajaa kabla hatujafungua mlango, na kila anayeitwa mbele, waliobaki wanasogea kwa pamoja, matumbo mbele, wakiulizana habari za kichefuchefu. Matroni wetu anapenda tufike themanini kabla ya saa sita. Tukifika anatembea kwa madaha hadi jioni.

Sasa nikuambie jambo ambalo hutalikuta kitabuni. Kupima presha vizuri kunataka mama akae kimya dakika tano, miguu chini, mkono mezani. Zidisha dakika tano kwa wanawake themanini utaona mwenyewe kwamba jua litazama na wengine wangali kwenye benchi. Ndipo kikazaliwa kitu tulichokiita kupima kwa macho. Mama akija mchangamfu, anacheka, uso haujavimba, basi mmoja wetu pale mezani anamwandikia mia na kumi kwa sabini bila kumgusa mkono. Mashine tuliwawekea wanaoonekana wamechoka au wanaolalamika. Mia na kumi kwa sabini ni namba tamu, haimtishi mama wala haimwamshi daktari, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuiuliza imetoka wapi.

Fundi alikuwa mchangamfu kuliko wote. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, anashona sare za shule nyumbani kwake, mumewe ni dereva wa lori za masafa marefu. Kila alipokuja alikuwa na futi yake ya kupimia nguo shingoni, na alikuwa akibishana nasi kwamba utepe wetu umevutika, maana yeye hujipima tumbo kila asubuhi na anajua ukweli. Benchi zima lilikuwa likimsubiri afike. Jumanne hiyo mimba ilikuwa na wiki thelathini na nne. Alipofika mezani alisimulia kwamba mtoto huyu anamnenepesha hadi vidole, kwani subana yake, kile kikofia cha chuma wanachovaa mafundi kidoleni ili sindano isiwachome, imegoma kuingia tangu Jumamosi. Akaongeza kwamba na uzi nao umegoma kuingia kwenye tundu la sindano, kila akiinamia anaona vimulimuli mchana kweupe. Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akamshauri amwambie dereva wake amletee miwani badala ya mikate ya njiani. Kadi ikaandikwa mia na kumi kwa sabini. Akaambiwa apeleke mkojo dirishani kwa Darubini, lakini foleni pale ilikuwa ndefu na yeye ana sare arobaini za kumaliza, akaaga akisema ataleta siku nyingine. Akapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi, baada ya wiki mbili.

Saa saba mchana mabenchi yalikuwa matupu. Kifungo cha gauni langu la kazi kilikuwa kimening'inia tangu asubuhi, nikaazima sindano kwa mama wa usafi ili nikishone huku nikinywa chai kwa mkate. Nilipoisukuma sindano ikanichoma kidole, na nikawaza, bila kuwaza sana, kwamba wenzetu mafundi wana subana. Hapo hapo mkate ukanikwama. Vidole vilivyovimba. Macho yanayoona vimulimuli. Mimba ya kwanza, wiki thelathini na nne. Mdogo wangu, haya mambo utayasoma muhula wa pili na utayaandika kwenye mtihani ukapata alama zote. Mimi nilikuwa nimeyasikia asubuhi ile nikacheka na benchi.

Nikakimbilia kwa Darubini kumuuliza kama ameuona mkojo wa Fundi. Akasema hajauona. Nikapiga simu iliyoandikwa kwenye daftari, ni ya mume, haipatikani, yuko barabarani huko. Anwani ilikuwa maneno matano tu, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nikachukua mashine ya presha na vile vijiti vya kupimia mkojo, nikavitia kwenye mfuko. Matroni akanikuta mlangoni akataka kujua naenda wapi na mali ya serikali. Nilipomweleza, akauliza kadi ilisema nini. Nikamwambia mia na kumi kwa sabini. Akauliza sasa tatizo liko wapi, na kwamba tukianza kumfuata kila mama nyumbani kwake itabidi kliniki tuihamishie barabarani. Jibu nililokuwa nalo sikulitaka. Nikamwambia nitarudi sasa hivi, nikaondoka huku bado anaongea. Mimi, ambaye unajua sijawahi kumjibu mkubwa hata kwa kope!

Nyuma ya kiwanda cha sabuni kuna nyumba kama mia, lakini ukimuuliza mtoto yeyote kwa mama anayeshona sare ni wapi, anakupeleka kwa mkono. Mlangoni nilimkuta mama mkwe wake, mwanamke mfupi, amekaa na rundo la sketi za shule anakata nyuzi zilizobaki kwenye pindo. Akanipokea vizuri, akanipa kigoda. Nilipouliza mkwewe yuko wapi, akasema amelala. Amerudi kliniki kichwa kinampasuka, amekataa kula, na ameomba pazia lifungwe kwa sababu mwanga unamuumiza. Nikasimama nikaomba niingie nimwone.

Akakataa. Alikataa kwa adabu, lakini alijiweka mlangoni na mkasi wake mkononi. Akasema mtoto wa watu ameamka alfajiri kuwahi foleni yetu, amekaa kwenye benchi letu hadi mgongo ukafa ganzi, sasa amepata usingizi kidogo na sisi tunamfuata hadi kitandani. Kisha akaingia ndani, akatoka na kadi. Akaifungua akaweka kidole chake juu ya namba. Kusoma hakusoma sana, alisema, lakini namba hiyo anaijua, mkwewe amemwonyesha mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi ni hiyo hiyo, haipandi wala haishuki, mtu mzima wa afya. Akaniuliza kama naona vizuri. Akaniuliza kama nataka kumwambia kwamba serikali inaandika uongo.

Nikamwambia mashine ya asubuhi ilikuwa mbovu.

Akanitazama, akaitazama kadi, akasogea.

Chumbani kulikuwa na giza. Cherehani mezani, sare zimepangwa hadi karibu na dari, na Fundi amelala ubavu, uso umemvimba. Aliitambua sauti yangu akajaribu kutania, akauliza kama nimekuja kupanuliwa gauni maana kliniki tunakula sana. Ulimi ulikuwa mzito. Nikamfunga kile kitambaa mkononi, nikapampu, nikasikiliza. Mia na sabini kwa mia na kumi na tano. Nikapima mkono wa pili nikiomba nimekosea. Ile ile. Kijiti cha mkojo kikabadilika rangi kabla sijahesabu hata kumi.

Nikatoka nikamweleza mama mkwe bila kupaka rangi. Nikamwambia hiki ni kile kinacholeta kifafa cha mimba, kinaweza kumshika wakati wowote kuanzia sasa, na kikimshika hapa nyumbani tunaweza kumpoteza yeye na mtoto. Aliutupa ule mkasi juu ya sketi, na niliporudi chumbani kumvisha Fundi kanga ya pili nikasikia breki zinalia nje. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya barabara mikono juu, na mbele yake limesimama gari la kusambaza mikate, dereva katoa kichwa dirishani anamtukana. Naye akamwambia dereva atamalizia matusi njiani.

Tulimlaza Fundi sakafuni mwa gari lile, kati ya trei za mikate. Mama mkwe alikaa mbele akimgombeza dereva kila shimo, mara punguza, mara ongeza, mpaka yule kaka akaomba ampe usukani aendeshe mwenyewe. Mimi nyuma nimeshika mkono wa Fundi, namwambia aongee, asinyamaze. Nikamwambia anihesabie sare. Akaanza, sketi kumi na nane, mashati kumi na mbili, kaptura saba, kisha akasahau akaanza upya. Alipoanza mara ya nne sikumwelewa tena.

Pale hospitali walitupokea vizuri, sitasema uongo. Mlinzi alitaka kuuliza tunatoka wapi, mama mkwe akampita kama hakumwona. Daktari aliitazama namba niliyoandika kwenye kiganja changu, hakuniuliza swali hata moja, akaagiza sindano ya kuzuia kifafa. Vidole vya Fundi vilikuwa vimeshaanza kurukaruka dawa ilipoingia. Tukasimama pale tukiviangalia. Vikarukaruka, vikapunguza, vikatulia. Saa kumi na nusu wakamwingiza upasuaji, na kabla ya saa kumi na moja na robo nikasikia nyuma ya mlango kilio chembamba, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Msichana, kilo mbili kasoro kidogo. Mama mkwe alinikamata shingo akanibana mpaka nikakosa pumzi.

Lakini hatukuwa tumemaliza. Kwa siku mbili presha ya Fundi ilipanda na kushuka, na kwa siku mbili sijui nilikula nini. Nilikuwa natoka kazini naenda kukaa nje ya wodi. Alhamisi jioni akafumbua macho sawasawa. Akaomba aletewe mtoto, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo, kama anavyokagua nguo kabla ya kuikabidhi, kisha akauliza nani amemalizia zile sare. Nesi wa wodi akatoka nje kunipa habari, na mimi ambaye unanijua silii mbele za watu nililia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Wiki iliyofuata tuliwaita wanawake wote walioko kwenye daftari letu, mia tatu na kumi na wawili. Wahudumu wa afya walipita mtaa kwa mtaa. Niliwaambia wazi kwamba namba zilizo kwenye kadi zao haziaminiki, na kwamba tunaanza upya, kila mmoja dakika tano zake. Tulidhani watagoma. Walikuja wote isipokuwa wawili, na hao wawili tuliwafuata. Ilituchukua siku nne. Matroni mwenyewe alivua saa yake ya dhahabu akakaa mezani akapima mpaka masikio yakamuuma. Tukapata watano wengine, mdogo wangu. Watano! Mmoja ni mwalimu, alikuja akiwa na haraka ya kurudi darasani na presha yake ilikuwa mia na sitini. Mwingine ni binti wa miaka kumi na tisa asiye na dalili hata moja, anatafuna njugu zake, anatuangalia kama tumechanganyikiwa. Wote watano wako kwenye dawa, na wawili wameshajifungua salama. Nilipoisoma taarifa ya mwezi nilitaka kuimba.

Na sasa kliniki yetu ina kelele, ungekuja ungedhani ni mnada. Tumeweka utaratibu kwamba anayepima anaitaja namba kwa sauti, mama anairudia, ndipo inaandikwa. Basi wanashindana. Akitoka mmoja na mia na kumi na nane kwa sabini na sita anatangaziwa kwenye benchi kama amefaulu mtihani. Akitoka mwenye namba ya juu, wenzake wanamsindikiza hadi dirishani kwa Darubini ili asije akakumbuka sare. Yule mama mkwe naye hatoki. Anakuja kila Jumanne na Alhamisi, hana mimba wala nini, anasimama karibu na meza anahakikisha dakika tano zimetimia. Tunamwita Msimamizi, na Matroni anamwogopa. Themanini kabla ya saa sita hatufiki tena, tunafika hamsini, na hakuna anayelalamika.

Sasa kaa vizuri, nikuambie nililokuwa nalikwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Nimeandika mara kadhaa hapo juu kwamba mmoja wetu aliandika, kadi ikaandikwa, kana kwamba kalamu ilijiendesha yenyewe. Ni mimi. Mashine ya asubuhi haikuwa mbovu hata kidogo, ni hiyo hiyo niliyoipeleka nyumbani kwake ikanionyesha mia na sabini. Siku ile ilikuwa mezani, umbali wa mkono kutoka kwake, na sikuinyanyua. Fundi alihudhuria kliniki mara tano na mara zote tano alipita mikononi mwangu, na sikumpima presha hata mara moja. Kupima kwa macho sikukukuta pale, nilikuanzisha mimi, na mwenzangu alijifunza kwangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Cheti cha mfanyakazi bora alichokiweka Mama sebuleni, ambacho umeniandikia umewaonyesha picha yake wenzako bwenini, nilikipata kwa kasi hiyo. Na nilipobanwa mlangoni na namba yangu mwenyewe, nikaisingizia mashine. Uliniandikia kwamba unataka kuwa kama mimi. Nimeona haya kuisoma sentensi ile, na kunyamaza kungekuwa haya zaidi.

Matroni nilimwambia Jumamosi ya wiki ile ile. Alifunga mlango akanisema nusu saa bila kurudia neno, kisha akakaa akaniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye alikuwa akiziona namba zile zikifanana akajiambia tuna wanawake wenye afya. Nimepewa barua ya onyo, nimeistahili, na kwa miezi mitatu nimenyang'anywa kalamu. Napima, naitaja namba, mwenzangu anaandika. Cheti nimemwambia Mama akishushe, naye amekataa, amesema ukuta utabaki na alama. Wanawake nao niliwaambia mwenyewe asubuhi ile ya kwanza ya kuanza upya, nimesimama mbele ya mabenchi. Habari ikasambaa mitaani, na ndiyo maana walikuja karibu wote, naamini.

Lakini Matroni na mabenchi sikuwaogopa kama nilivyomwogopa Fundi. Yeye nilimwambia kabla ya wote, Ijumaa mchana, siku moja baada ya kufumbua macho. Alikuwa ameegemea mto, mtoto kamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, mama mkwe kando. Wodi ilikuwa imejaa, vitanda kumi na moja. Waliponiona wakaanza kunisifu, mama mkwe akisimulia kwa mara ya ishirini nilivyofika mlangoni. Nikamwomba anyamaze kidogo. Nikasimama miguuni mwa kitanda nikasema yote, kwamba mashine ilikuwa nzima, kwamba namba ile niliitunga, siku ile na siku zote nne za nyuma.

Fundi aligeuza uso ukutani na mabega yakamtikisika, na mtoto akatikisika naye. Baadaye akasema, bado anatazama ukuta, kwamba kama angekufa, mumewe angerudi safari akaonyeshwa kadi ile akaambiwa mkeo alikuwa mzima. Kwamba angekufa na ushahidi wa uzima wake ukiwa kwa mwandiko wangu. Mama mkwe aliinuka, nikajua nazabwa kofi na nikakaza shavu, lakini alipita tu akaenda kusimama dirishani. Nikachukua mfuko wangu niondoke.

Ndipo Fundi akanigeukia. Akauchomoa mkono wake kwenye nguo ya mtoto, akaulaza pembezoni mwa kitanda, kiganja juu. Akasema hajanisamehe, bado anafikiri, na huenda akafikiri kwa muda mrefu. Lakini nipime. Nipime sasa hivi, na namba niitaje kwa sauti, kwa sababu miezi yote hiyo hajawahi kuisikia namba yake mwenyewe hata mara moja.

Nikafunga kitambaa. Nikamwambia tusubiri dakika tano, na kweli tukasubiri, wodi nzima inatutazama, hata mama mkwe. Nikalazimika kupampu mara mbili. Nikasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mlango kwamba ni mia na ishirini na sita kwa themanini na mbili. Fundi akairudia taratibu, mia na ishirini na sita kwa themanini na mbili, akamwinamia mtoto akamwambia na yeye. Nilikuwa nafungua kitambaa niliposikia kitanda cha pili kinalia. Mama wa pale alikuwa amejisogeza ukingoni ameunyoosha mkono wake. Ng'ambo yake mwingine amekunja mkono wa gauni. Nikahesabu, mikono kumi. Haikuwa wodi yangu, wala zamu yangu, wala kituo changu. Niliwapima wote, mmoja mmoja, dakika tano tano, na kila namba waliirudia kwa sauti wodi nzima.

Karatasi inakaribia kuisha. Wasalimie wenzako wa bwenini, na yule anayekuazima pasi umwambie dada yako anamshukuru. Kula vizuri, usipitishe staftahi kwa ajili ya usingizi. Mama anakusalimu, na mwenzangu wa mezani, na Darubini, ambaye ameuliza mara mbili utamaliza lini chuo na nimejifanya sikusikia. Niandikie upesi, hata kama ni kunigombeza. Nitaipokea.

Nakupenda sana.

Ni mimi,
Dada Mkubwa